Dawa ya friji iwekwe wapi hasa?

Kwenye dirisha la dawa maelezo huwa mafupi. "Hii iweke kwenye friji, bi." Na bibi hujibu, "Haya mwanangu, ahsante," akakitia kichupa cha insulini, dawa ya sukari ya kuchoma, mkobani na kwenda kutafuta gari ya kurudi shamba. Hakuna aliyekosea hapo. Lakini maneno yale machache yameficha mengi: baridi ya kiasi gani, pahala gani ndani ya friji, kwa muda gani, na umeme ukikatika ifanywe nini. Mtu akirudi nyumbani bila ya majibu hayo, dawa inaweza kufa ndani ya friji ileile iliyowekwa ili isalimike, na asijue mpaka sukari ipande.

Kwenye boksi la dawa hizi huandikwa nyuzi joto 2 hadi 8. Sisi tunaoishi na joto mwaka mzima huisoma namba ya pili tu. Tunaogopa isifike 8, isifike 10, isikae juani. Hiyo 2 husahaulika, na mimi ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu chini yake kidogo ipo 0, na friji ya nyumbani hushuka mpaka hapo usiku bila ya mtu kuona. Ukikumbuka jambo moja katika makala hii, iwe hili: kwa insulini, joto huharibu taratibu, barafu huharibu mara moja.

Tutenganishe dawa kwanza, maana friji nyingi zimejaa dawa zisizohitaji kuwemo. Vidonge vya presha, vya sukari, vya maumivu, karibu vyote havitaki friji. Vinataka pahala pakavu. Kila mlango unapofunguliwa, hewa yetu yenye unyevu wa bahari huingia na kuacha matone juu ya kila kitu kilicho baridi, na vidonge huanza kulainika na kubadilika rangi. Dawa ya maji ya paracetamol ya watoto nayo hukaa nje. Antibayotiki za unga zinazochanganywa na maji ndizo zinazowachanganya wazazi zaidi. Kabla ya kuchanganywa hukaa pahala pakavu. Zikishachanganywa, amoksilini yenye klavulaniki huingia friji na hutumika kwa siku 7 tu, iliyobaki humwagwa. Klarithromaisini ya maji haitiwi friji kabisa. Huwa nzito na chungu, na mtoto huitema. Mbili hizi hufanana kwa chupa na pengine kwa kazi, ila masharti yake hayafanani, kwa hiyo soma kibandiko kila mara hata kama dada yako alipewa "hiyo hiyo" mwezi uliopita.

Matone ya macho ya latanoprosti, wanayotumia wenye presha ya macho, hukaa friji kabla ya kufunguliwa. Yakishafunguliwa yanaweza kukaa nje, lakini chini ya nyuzi 25, na vyumba vyetu mchana wa kaskazi hupita hapo kwa mbali. Basi yaendelee kukaa friji. Matone ya kloramfenikoli nayo ni ya friji. Chupa yoyote ya matone ya macho iliyofunguliwa iandikwe tarehe, na mara nyingi mwisho wake ni kiasi cha wiki 4, hata kama dawa bado imo.

Tubaki sasa na insulini, kwa sababu ndiyo dawa ya friji iliyomo majumbani kwa miaka na miaka, na ndiyo ambayo kuharibika kwake hulipwa na mwili wa mgonjwa siku hiyohiyo.

Insulini ni protini. Tangu Banting na Best walipoitoa katika kongosho la mbwa kule Toronto mwaka 1921, hadi leo inapotengenezwa kwa bakteria na hamira viwandani, kitu chenyewe ni kilekile: vipande 51 vya asidi amino vilivyoungana na kukunjwa kwa umbo maalumu. Umbo hilo ndilo linalofanya kazi mwilini. Likivunjika, maji yaliyomo kichupani hubaki yaleyale kwa macho, lakini dawa haimo. Yai likishachemka halirudi kuwa bichi hata ulitie kwenye maji ya baridi, na insulini ni hivyohivyo.

Joto hulegeza umbo hilo kidogo kidogo. Kichupa kilichosahaulika mezani kwa saa 5 hakijafa. Kimepoteza sehemu ndogo sana ya nguvu zake. Barafu kazi yake ni nyingine. Maji yanapoganda hujitenga na kuwa chembe za barafu, na protini hubanwa katika nafasi ndogo iliyobaki mpaka ishikane yenyewe kwa yenyewe. Insulini ile nyeupe, ya muda wa kati, huathirika vibaya mno, kwa kuwa imo katika chembechembe ndogo zinazotakiwa kuelea sawasawa. Ikishaganda, chembe hizo hushikana zikawa mabonge, na sindano moja huvuta dawa nyingi, nyingine huvuta maji. Ile ya maji maangavu inaweza kuyeyuka ikaonekana nzima kabisa. Usiiamini. Insulini iliyoganda haitumiki tena, hata ikionekana nzuri, hata ikiwa ndiyo ya mwisho na umeinunua kwa pesa yako.

Ndiyo maana ninasikitika nikisikia kijana mwenye nia njema akimwambia bibi yake, "Nimeitia kwenye friza ipate baridi vizuri." Amefanya kwa mapenzi. Hakuna aliyemwambia.

Sasa friji yenyewe. Friji si pahala pamoja. Ndani yake kuna joto tofauti, na tofauti hizo hutegemea aina yake.

Friji ya mlango mmoja yenye kisanduku cha barafu juu, aina iliyomo katika nyumba nyingi, hupata baridi yake kutoka kisanduku hicho. Rafu iliyo chini yake mara moja ndiyo ya hatari: baridi humwagika kutoka juu, na kitu kilichowekwa pale huweza kuganda. Friji ya milango miwili isiyojenga barafu hupuliza hewa kwa feni, na kuna matundu nyuma au juu ambapo hewa hiyo hutokea. Kichupa kilichowekwa mbele ya tundu hupigwa na hewa iliyotoka kwenye friza. Aina zote mbili zina ukuta wa nyuma ambao mara nyingi ndio baridi zaidi; ukiona matone yaliyoganda pale, au jani la mchicha lililogandia ukutani, umeshapata jibu. Mlango nao una shida ya upande wa pili, kwa sababu hupokea joto la jikoni kila unapofunguliwa, na kichupa hutikiswa kila mtoto anapotafuta maji.

Pahala pa dawa ni rafu ya katikati, upande wa mbele kidogo, isiguse ukuta wa nyuma wala tundu la hewa. Itie ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko, na boksi lake la karatasi liwe humohumo, kwani boksi huikinga na mwanga na lina tarehe ya kwisha muda. Kikopo huzuia maji ya samaki yanayodondoka kutoka rafu ya juu, hupunguza kupanda na kushuka kwa baridi, na huwazuia watoto. Dawa nyingi za maji za watoto zina ladha ya ndizi au ya stroberi, na mtoto wa miaka 3 hatofautishi chupa hiyo na juisi. Ukiweza, kikopo kiwe na alama ambayo kila mtu wa nyumba anaijua, hata mgeni aliyekuja kusaidia kupika.

Kuna kitufe cha kuongeza baridi, chenye namba 1 hadi 5 au 7. Watu wengi hudhani namba hizo ni nyuzi joto, kwa hiyo 7 wanaiona kuwa ndiyo yenye joto zaidi. Ni kinyume: namba ikipanda, baridi inazidi. Na namba 4 ya friji moja si sawa na namba 4 ya friji nyingine. Kwa hiyo kitufe hakikuambii kitu mpaka uwe na kipima joto. Vile vidogo vya friji si ghali ukilinganisha na bei ya insulini, na vizuri zaidi ni vile vinavyohifadhi kipimo cha juu kabisa na cha chini kabisa. Kitie ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya dawa, kilale usiku kucha, ukisome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Maji ndani ya glasi hayayumbi kwa kila mlango unapofunguliwa, kwa hiyo kipimo chake kinakaribia kile kinachompata mwenzake kichupa cha dawa. Kama kimesoma 4 au 5, umefika. Kama kimesoma 1, punguza namba moja, subiri siku nzima, upime tena. Kipima joto kisichotiwa ndani ya glasi ya maji, kikiachwa juu ya rafu hewani, kitapanda na kushuka na kukutia wasiwasi bure.

Friji zetu nyingi ni za mtumba, zimekuja na makontena kutoka Dubai na Ulaya, na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ndani ya friji, mara nyingi pembeni karibu na droo ya mboga, kuna kibandiko chenye herufi. N maana yake friji imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32. ST hufika 38. T hufika 43. Friji ya herufi N ikiwekwa katika jiko la Zanzibar mwezi wa Februari, chini ya mabati, itanguruma mchana kutwa bila kufika baridi inayotakiwa, na usiku chumba kikipoa itashusha kuliko ilivyotakiwa. Ukienda kununua friji ya nyumba yenye mgonjwa wa sukari, tafuta T au ST. Angalia pia raba ya mlango: funga karatasi kwenye mlango, uivute, ikitoka bila ya kushikwa, raba imechoka.

Ramadhani inastahili kusemwa peke yake. Mwezi ule friji hugeuka ghala: juisi za kufuturia, tungule, samaki, sufuria la mchuzi lililotiwa likiwa bado moto. Alasiri mlango haufungwi. Mama akiona juisi haijapoa, huzungusha kitufe mpaka mwisho. Baada ya magharibi watu hukaa, vyakula hutolewa, friji hubaki tupu na kitufe bado kiko mwisho. Saa 9 ya usiku ndipo insulini inapoganda. Jambo hilohilo hutokea siku umeme unaporudi baada ya kukatika. Mtu hukimbilia kitufe ili friji ipate baridi haraka, akalala. Kitufe cha friji yenye insulini kisiguswe kwa ajili ya juisi. Barafu ya juisi itengenezwe kwenye friza. (Vipimo vya dawa na saa za kuchoma katika mwezi wa funga ni mazungumzo ya mgonjwa na daktari wake, yafanywe kabla mwezi haujaandama.)

Umeme ukikatika, kwanza usifungue. Friji iliyojaa na kufungwa hushika baridi kwa kiasi cha saa 4. Chupa za maji zilizopangwa rafu za chini huongeza muda huo, kwa sababu maji hushika baridi kuliko hewa, na nyumba yenye dawa iwe nazo daima. Usihamishe dawa kuitia kwenye friza "kwa tahadhari". Ukifika muda mrefu, tazama kipima joto, si saa.

Na ikizidi 8? Hapa watu huogopa kupita kiasi, wengine hutupa dawa nzima, wengine huendelea kama hakuna kilichotokea. Insulini iliyopata joto la chumba haijaharibika, imebadilisha masharti. Tarehe iliyochapwa kwenye boksi ni ya kichupa ambacho hakijafunguliwa na hakijawahi kutoka baridi ya 2 hadi 8. Kikishafunguliwa, au kikishakaa nje, kinahesabiwa upya: kwa insulini nyingi ni siku 28, baadhi hupewa zaidi, karatasi ya ndani inasema. Kukirudisha friji hakufuti siku zilizopita. Kwa hiyo andika kwa kalamu juu ya boksi: "imefunguliwa tarehe fulani". Kichupa unachotumia sasa kinaweza kukaa nje ya friji pahala penye ubaridi kwa muda huo. Hata sindano ya dawa isiyo baridi haiumi sana. Vile ambavyo havijafunguliwa ndivyo vya kulindwa ndani. Kama unatumia kalamu ya kuchomea insulini, ondoa sindano kabla ya kuihifadhi, kwani joto likipanda na kushuka hewa huingia na dawa huvuja.

Wanaokumbuka giza la Unguja la Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokosa umeme kwa miezi 3, wanajua kuwa mambo haya si ya kubuni. Pemba wakati ule ilikuwa kwenye majenereta yake, na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ukaja mwaka 2010. Hali sasa ni nyingine, lakini Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku wa manane, kwa friji ni sawasawa na giza lile.

Kuna nyumba zisizo na friji. Wengi huweka dawa kwa jirani, na hilo ni jema, ila jirani aambiwe yote yaliyosemwa hapo juu, si "nihifadhie hii" tu. Wengine huweka kwenye friji ya dukani. Hapo nina shaka. Friji ya soda ina mlango wa kioo unaopigwa na jua, hufunguliwa kutwa, na wapo wenye maduka wanaoizima usiku ili kubana matumizi ya umeme. Muulize mwenye duka swali hilo kabla hujampa.

Mtungi wa udongo nao una nafasi yake, ingawa tusiukuze. Mtungi hupoa kwa sababu maji hupenya ukutani na kukauka nje, na ukaukaji huo huchukua joto. Katika nchi kavu hupunguza joto vizuri. Kwetu, hewa imeshiba unyevu, khasa wakati wa masika na kaskazi, kwa hiyo maji hayakauki haraka na joto hupungua nyuzi chache tu. Chache ni bora kuliko sufuri. Kichupa kitiwe kwenye kikopo kisichoingia maji, kikopo ndani ya mtungi, mtungi kwenye kivuli penye upepo, chini sakafuni, mbali na jiko na paa la mabati.

Habari nzuri kwa nyumba hizi ni kwamba utafiti umewatetea. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya insulini waliyoipima kwa joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini ya Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Baada ya wiki 4 nguvu ya dawa ilikuwa haijapungua kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, jumuiya inayokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yakaongeza kuwa vichupa visivyofunguliwa vya insulini ya binadamu ya muda mfupi na ya muda wa kati vinaweza kustahimili hadi nyuzi 25 kwa miezi 6, na hadi nyuzi 37 kwa miezi 2. Hii si ruhusa ya kuzima friji, wala si kwa kila aina ya insulini. Maana yake ni kwamba mgonjwa asiye na friji asiache sindano kwa hofu kuwa dawa yake ni bure. Achukue dawa ya mwezi mmoja kila safari badala ya miezi 3, na aseme kliniki kuwa nyumbani hana friji. Lisemwe wazi, halina aibu.

Safarini, dawa hukaa mkononi. Si kwenye mzigo unaotupwa chini ya boti, si kwenye dashibodi ya daladala. Kutoka Unguja hadi Mkoani au Wete, Pemba, chupa ya chai yenye mdomo mpana inatosha: tia barafu ipoe ndani, mwaga barafu yote, kausha, kisha tia dawa iliyofungwa kwa kitambaa. Ukitumia barafu ya kifuko, iache nje kwanza mpaka itoke jasho na usikie maji ndani ukiitikisa, na taulo liwe kati yake na kichupa. Barafu iliyotoka tu kwenye friza inaweza kugandisha insulini kabla boti haijapita Tumbatu.

Mwisho ni kuijua dawa iliyokufa, na hapa naomba msomaji atulie. Itazame kabla ya kila sindano. Ile angavu ikiwa na ukungu au vinyuzi, haifai. Ile nyeupe ikishaviringishwa polepole kati ya viganja iwe nyeupe sawasawa. Ikibaki na mabonge, au na chembe zilizogandia kwenye kioo, haifai. Lakini dalili kubwa zaidi haimo kichupani, imo kwenye kipimo cha sukari. Sukari ikipanda siku mbili tatu mfululizo, na chakula ni kilekile, na homa hakuna, ishuku dawa.

Kosa la hatari linalofanywa hapo ni kuongeza kipimo. Yuniti 20 hazikushusha, mgonjwa hupiga 30, kisha 36. Dawa imekufa nusu, kwa hiyo 36 hizo zinafanya kazi ya 18 tu. Kisha hufungua kichupa kipya, kizima, akapiga 36 zilezile. Saa chache baadaye sukari imeporomoka, na kama ni usiku, huenda akakutwa hajitambui. Usiongeze kipimo kwa kubahatisha. Fungua kichupa kipya kwa kipimo chako cha kawaida ulichoandikiwa, pima, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Mgonjwa akitapika, akihema kwa kasi au akisinzia sukari ikiwa juu, asisubiri simu. Apelekwe hospitali, Mnazi Mmoja, Chake Chake au Abdalla Mzee, iliyo karibu. Kichupa kinachoshukiwa kipelekwe pamoja naye, na boksi lake lenye tarehe ulizoandika.